Mto Sabaki: Maji ya Nairobi yanavyoishia Malindi

MTO Sabaki, unaomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kilomita chache kaskazini mwa mji wa Malindi, ndio wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Mto Tana. Wakazi wengi wa Pwani huujua kwa rangi yake ya udongo mwekundu na kwa mafuriko yake ya masika. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba mto huo huo ndio unaopokea maji ya mito yote inayopita katika jiji kuu la Nairobi.

Mvua inyeshayo juu ya mabati ya Kibera, maji ya mitaro ya Eneo la Viwandani na mto upitao karibu na Museum Hill, vyote vina njia moja tu ya kufika baharini, nayo ni Sabaki. Kwa sababu hiyo, historia ya mto huu ni historia ya bara na pwani kwa pamoja, na afya yake haiwezi kuamuliwa na kaunti moja peke yake.

MAJINA MATATU, MTO MMOJA

Mto huu una majina matatu kulingana na mahali unapopita. Sehemu ya juu, kuanzia nyanda za Nairobi na Machakos hadi Tsavo, huitwa Athi. Baada ya kuungana na Mto Tsavo katika Mbuga ya Wanyama ya Tsavo Mashariki, huitwa Galana. Unapoikaribia bahari, ndani ya Kaunti ya Kilifi, huitwa Sabaki. Wataalamu wa jiografia huyaunganisha majina hayo na kuuita Athi-Galana-Sabaki.

Kutoka Nairobi hadi Malindi kuna zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, na mto, kwa kupinda na kuzunguka milima, husafiri mbali zaidi ya hapo. Katika safari hiyo maji huteremka kutoka nyanda zilizo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari hadi mchanga wa ufuo. Mteremko huo ndio unaoupa mto nguvu ya kubeba udongo mwingi kiasi hicho wakati wa mvua.

Mto haukauki kwa kawaida, ila maji yake hupungua sana kati ya mvua za masika, ambazo hunyesha kuanzia Machi, na mvua za vuli za mwishoni mwa mwaka. Katika majira ya kiangazi watu na mifugo huweza kuuvuka kwa miguu katika baadhi ya vivuko vya Kilifi, ingawa mamba na viboko huifanya safari hiyo kuwa ya hatari. Mvua kubwa ikinyesha bara, maji huweza kupanda ghafula huku anga la Malindi likiwa jeupe.

TAWI LIPITALO JIJINI

Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu katika Kaunti ya Kiambu. Kutoka hapo huelekea mashariki, ukapita Dagoretti na Chiromo, ukakata ukingo wa kaskazini wa katikati ya jiji, kisha ukafuata Gikomba, Kariobangi na Dandora hadi Ruai. Njiani huungana na Mto Mathare, unaopita katika mitaa yenye jina hilo, na Mto Ngong, unaopita Kibera, Bwawa la Nairobi, Mukuru na Eneo la Viwandani.

Jina la jiji lenyewe limetokana na maji hayo. Wamaasai, waliokuwa wakinywesha mifugo yao hapo, walipaita Enkare Nairobi, maana yake mahali pa maji baridi. Mwaka 1899 wajenzi wa reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa, walifika hapo na kufanya kituo kikubwa kabla ya kuanza kuipanda milima ya Kikuyu. Maji ya mto yalikuwa miongoni mwa sababu za kuchagua mahali hapo. Miaka michache baadaye utawala wa Waingereza uliyahamisha makao yake makuu kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kituo cha reli kikawa mji mkuu.

Mji huo ulikua upesi kuliko mabomba yake ya majitaka. Viwanda vilijengwa kando ya Mto Ngong, jaa kubwa la taka likawekwa Dandora kando ya Mto Nairobi, na mitaa ya mabanda ikasongamana kwenye kingo za mito yote mitatu. Bwawa la Nairobi, lililotengenezwa katika miaka ya 1950 na likawa mahali pa watu kuendesha mashua za tanga, lilijaa tope na magugu-maji. Mitambo ya kusafishia majitaka ya Dandora, iliyoko Ruai, nayo humimina maji yake katika Mto Nairobi.

Juhudi za kuusafisha mto zimekuwa nyingi. Mwaka 1999 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri jijini humo humo, lilianzisha mradi wa bonde la Mto Nairobi. Kuanzia mwaka 2008 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliongoza kampeni iliyosafisha sehemu inayopita karibu na katikati ya jiji, na bustani iliyoko hapo ikapewa jina lake. Mnamo Machi 2025 Rais William Ruto alizindua programu nyingine ya kuufufua mto huo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 2024, mafuriko yalikuwa yameikumba Mathare na mitaa mingine ya kando ya mito. Watu walipoteza maisha, na baadaye Serikali ikabomoa nyumba zilizokuwa ndani ya kingo za mito.

KUTOKA KILIMAMBOGO HADI TSAVO

Athi yenyewe hupata maji yake ya kwanza katika milima ya Ngong kupitia Mto Mbagathi, unaopita ukingoni mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi upande wa kusini. Mto Nairobi huungana nao kabla ya Kilimambogo, mlima ambao kwa Kimaasai huitwa Ol Donyo Sabuk. Karibu na mlima huo, si mbali na mji wa Thika, mto wote huporomoka katika Maporomoko Kumi na Manne. Hapo wageni huja kutazama maji yakianguka kwa mikondo mingi sambamba, na mara nyingi huona pia povu jeupe linaloelea chini yake, dalili ya sabuni na taka zilizotoka mjini.

Baada ya hapo mto hugeukia kusini-mashariki na kuingia Ukambani. Kwa masafa marefu hufuata ukingo wa magharibi wa uwanda wa Yatta, ambao ni mwamba uliotokana na lava iliyotiririka na kuganda mamilioni ya miaka iliyopita. Uwanda huo una urefu wa takriban kilomita 300, na ni miongoni mwa mitiririko mirefu ya lava duniani.

Ndani ya Tsavo, Athi hukutana na Mto Tsavo. Huu huleta maji kutoka upande wa Kilimanjaro na kutoka chemchemi za Mzima, ambazo hulishwa na mvua za milima ya Chyulu. Maji ya Mzima ni safi mno, kwani huchujwa na miamba ya volkano kabla ya kutokeza. Tangu miaka ya 1950 sehemu ya maji hayo imekuwa ikipelekwa Mombasa kwa bomba. Yanayobaki huungana na Athi, na hivyo Galana huzaliwa kutokana na maji ya aina mbili: yaliyochujwa na mlima na yaliyopita jijini.

Galana hupita katika maporomoko yaliyopewa jina la Frederick Lugard, Mwingereza aliyepita njia hiyo mwishoni mwa karne ya 19. Hapo maji yamechonga miamba ikawa na vishimo na mifereji ya ajabu. Mto hutoka mbugani karibu na lango la Sala na kuingia katika nchi kavu ya Kilifi. Sasa huwa umebakiwa na vituo vichache tu kabla ya bahari: Chakama, Baricho, Garashi na Jilore.

MALINDI NA MAJI MATAMU

Miji mingi ya Waswahili ilijengwa visiwani au kando ya mikono ya bahari, na wakazi wake walitegemea visima. Malindi ilikuwa na bahati ya mto. Mwanajiografia Mwarabu Sharif al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 akiwa katika kisiwa cha Sicily, aliitaja Malindi kuwa mji mkubwa ulio penye mdomo wa mto wa maji matamu, ambao watu wake walikuwa wawindaji na wavuvi na walikuwa na machimbo ya chuma. Wanahistoria wamejadiliana kama mji alioutaja ulikuwa hapo hapo ulipo mji wa leo, lakini maelezo ya mto wa maji matamu yanaoana na Sabaki.

Kaskazini mwa mlango wa mto ndipo ulipo mji wa Mambrui, wenye kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za kauri za China. Mwaka 2010 wataalamu wa mambo ya kale kutoka China na Kenya walichimbua hapo sarafu ya China ya zama za mfalme Yongle wa karne ya 15. Miji miwili ya kale, mmoja kila upande wa mlango wa mto, ni ushahidi kwamba mto huo uliwavuta watu tangu zamani.

Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mnamo Aprili 1498, baada ya kukosana na watu wa Mombasa, alipokewa vizuri na Sultani. Alipata vyakula, maji na rubani wa kumfikisha Calicut katika Bara Hindi. Mnara wa msalaba uliowekwa na Wareno ungali umesimama juu ya mwamba wa pwani ya Malindi. Mashamba na bustani za mji huo ziliwapendeza Wareno, na urafiki uliozuka ulidumu karibu miaka 100, hadi walipojenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa kuanzia mwaka 1593 na kuhamia huko pamoja na Sultani wa Malindi. Baada ya hapo mji ulififia, na kufikia katikati ya karne ya 19 ulikuwa magofu na vichaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860, katika utawala wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, Malindi ilifufuliwa. Ardhi yenye rutuba ya karibu na Sabaki iligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya mtama, mahindi na ufuta, na nafaka yake ikasafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni. Neema hiyo ilijengwa kwa jasho la watumwa. Wengi wao walitoroka na kwenda kuishi bara, ambako waliunda vijiji vya watoro na kulima kwa ajili yao wenyewe. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na mashamba mengi yakarudi kuwa msitu.

MTO ULIPOGEUKA MPAKA

Katika karne hiyo hiyo ya 19 Wagiriama walikuwa wakisonga kaskazini kutoka eneo la Kaya Fungo wakitafuta ardhi ya kulima. Walifika Sabaki, na kufikia mwishoni mwa karne wengi walikuwa wamevuka na kukaa ng'ambo ya kaskazini. Udongo wa kingo za mto uliwapa mavuno mazuri, nao wakawauzia wafanyabiashara wa Malindi na Takaungu nafaka. Mkulima aliyekuwa na chakula cha kutosha na ziada ya kuuza hakuwa na haja ya kwenda kufanya kazi ya kijungumeko katika mashamba ya walowezi.

Hilo ndilo lililoukera utawala wa Waingereza. Kuanzia mwaka 1912 maafisa wake walitaka kodi ya vibanda na vijana wa kufanya kazi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwakusanya watu na kuwalisha kiapo cha kukataa amri hizo. Alikamatwa mwaka huo pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, mamia ya kilomita kutoka kwao. Walitoroka mwaka 1914 na kurudi pwani.

Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, kitovu cha ibada na uongozi wa Wagiriama, na vita vikazuka. Nyumba zilichomwa na mifugo ikatekwa. Masharti ya amani yalikuwa mazito: faini ya rupia 100,000, vijana 1,000 wa kufanya kazi, na kuhama kwa Wagiriama wote waliokuwa kaskazini mwa Sabaki. Mto uliokuwa katikati ya mashamba yao ukafanywa mpaka ambao hawakuruhusiwa kuuvuka.

Familia zilihamishiwa kusini, kwenye ardhi kavu na haba, na njaa ikafuata. Baada ya miaka michache Serikali iliona kwamba mpango huo haukumnufaisha yeyote, na Wagiriama wakaruhusiwa kurudi. Wakazi wengi wa Magarini leo ni wajukuu na vitukuu wa watu hao. Kwao, suala la nani ana haki ya kukaa kando ya Sabaki na kutumia maji yake halikuanza na miradi ya siku hizi.

TUMBAWE LILILOWEKA KUMBUKUMBU

Swali linaloulizwa sana mjini Malindi ni hili: wekundu huu wa bahari ulianza lini? Jibu lilitolewa na tumbawe. Katika hifadhi ya bahari ya Malindi kuna matumbawe makubwa yanayokua kidogo kidogo kila mwaka, na kuacha tabaka mithili ya pete za mti. Udongo unaoletwa na mto una madini ya bari, na sehemu ya madini hayo hunaswa ndani ya tabaka la mwaka husika. Mwenye kupima madini hayo hujua ni mwaka gani udongo ulikuja kwa wingi na ni mwaka gani ulikuja haba.

Dominik Fleitmann na wenzake walilipima tumbawe la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300 na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Waligundua kwamba tangu karibu mwaka 1700 hadi karne ya 19 ilipokwisha, kiasi cha udongo hakikubadilika sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilianza kupanda, kisha kikaendelea kuongezeka. Wakati huo ndipo walowezi walipotwaa ardhi ya nyanda za juu, Waafrika wakabanwa katika maeneo madogo ya akiba, misitu ikakatwa na miteremko ikalimwa bila kupumzishwa.

Mmomonyoko huo ulizua siasa kali huko juu. Katika miaka ya 1930 miteremko ya Machakos ilikuwa imepasuka makorongo. Serikali ya kikoloni iliilaumu mifugo, ikaanza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kupinga hatua hiyo, naye akaadhibiwa kwa kupelekwa uhamishoni Lamu. Alipelekwa pwani ile ile ambayo udongo wa kwao ulikuwa ukifika kila msimu wa mvua.

Baadaye Wakamba wenyewe ndio waliopata dawa. Walichimba matuta ya "fanya juu", ambayo mkulima huyatengeneza kwa kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu ili mvua isiuchukue. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba Machakos ilikuwa na watu wengi zaidi kuliko miaka ya 1930 na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua mashambani. Hata hivyo, uchomaji makaa, barabara za udongo na uchimbaji wa mchanga mitoni viliendelea kuufungulia mto njia nyingine za kuchukua udongo. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kusimamia mchanga mwaka 2015.

UDONGO NA TAKA NI MAMBO MAWILI

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Rangi nyekundu inayoonekana Malindi haitokani na majitaka ya Nairobi. Ni udongo wa mashamba, malisho na makorongo ya bonde zima, na sehemu kubwa yake hutoka nje ya mipaka ya jiji. Mchango wa jiji ni wa aina nyingine: majitaka yenye mbolea na vijidudu, kemikali za viwandani, na plastiki.

Sehemu ya uchafu huo hupungua njiani. Maji yanaporuka juu ya miamba hupata hewa, jua huua vijidudu, na Mto Tsavo huyapunguza makali. Lakini metali nzito haziozi. Hujishikiza kwenye chembe za tope na kusafiri nazo, zikituama maji yanapopungua na kuamka tena mafuriko yanapokuja. Kwa hiyo kuusafisha Mto Nairobi hakutaifanya bahari ya Malindi kuwa ya buluu, na kuchimba matuta Ukambani hakutaondoa sumu za viwanda. Kazi zote mbili zinahitajika, kila moja mahali pake.

MLANGO WA MTO

Udongo ukishafika baharini, mwelekeo wake huamuliwa na pepo. Wakati wa kusi, mikondo huusukuma kaskazini kuelekea Mambrui na Ghuba ya Ungwana. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, huusukuma kusini hadi Malindi na hifadhi yake ya bahari. Huo ndio msimu ambao watalii huwa wengi, na ndiyo sababu mgeni wa Desemba huweza kukuta maji ya kahawia mbele ya hoteli yake iwapo vuli imekuwa kubwa bara.

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968 na ndizo za kwanza nchini. Matumbawe huhitaji mwanga wa jua, na tope likitanda juu yake huyakosesha mwanga na kuyaziba. Ufuo wa Malindi nao umebadilika: mchanga umejaa, ufuo umepanuka, na bahari imekwenda mbali na majengo yaliyokuwa karibu na maji.

Pamoja na hayo, tope la Sabaki lina faida zake. Ndilo linalokuza mikoko ya mlango wa mto na kurutubisha maji ambamo kamba huzaliana. Uvuvi wa kamba katika ghuba za Malindi na Ungwana ni wa kutajika kuliko wote nchini, nao hutegemea mito ya Sabaki na Tana. Mlango wa Sabaki pia ni makazi ya viboko na ya maelfu ya ndege, wakiwemo heroe na ndege wahamiaji kutoka Ulaya, Asia na Madagaska. Mto usioleta udongo kabisa ungekuwa hasara kwa mvuvi, kama ulivyo hasara kwa matumbawe mto unaoleta kupita kiasi.

MAJI YA KUNYWA NA MIRADI MIKUBWA

Kwa mkazi wa kawaida wa Kilifi, umuhimu wa kwanza wa Sabaki ni maji ya bomba. Huko Baricho, kando ya mto, kuna visima vilivyochimbwa katika mchanga. Mchanga huo huyachuja maji ya mto kabla hayajapigwa pampu hadi Malindi, Watamu, Kilifi na kaskazini mwa Mombasa. Pampu za Baricho zikikwama kwa kukosa umeme au kwa mafuriko, mifereji hukauka katika miji hiyo na mikokoteni ya maji hurudi barabarani. Kwa hiyo Mombasa hunywa kutoka bonde hili mara mbili: Mzima kwa upande mmoja na Baricho kwa upande wa pili.

Wanaoishi mtoni wana hofu ya kinyume. Mwaka 2018 Sabaki ilivunja kingo zake, na maelfu ya watu wa Magarini na Malindi wakahamia kambini baada ya nyumba na mashamba kuzama. Mashamba ya kingoni ndiyo yenye rutuba kuliko yote, na ndiyo ya kwanza kuchukuliwa na maji. Mkulima hulazimika kuchagua kati ya mavuno na usalama.

Huko juu kuna miradi miwili inayoweza kubadilisha hali hiyo. Mnamo Januari 2014 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alizindua mradi wa Galana-Kulalu wa kulima mahindi kwa kunyunyizia maji, katika ardhi iliyoko kati ya Galana na Tana. Lengo lilikuwa ekari milioni moja, kwa kuanzia na shamba la mfano la ekari 10,000. Mavuno hayakufikia ahadi, na tangu hapo Serikali imekuwa ikitafuta wawekezaji wa kuuendeleza.

Mradi wa pili ni Bwawa la Thwake, kwenye makutano ya mito Athi na Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, ambalo lilianza kujengwa mwaka 2018. Ukuta wake una urefu wa takriban mita 80 kwenda juu, na limekusudiwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 680 za maji kwa matumizi ya nyumbani, kilimo na umeme. Bwawa kama hilo hupunguza nguvu ya mafuriko na kuzuia sehemu ya udongo. Lakini huzuia pia maji yaliyokuwa yakifika Baricho na mlangoni mwa mto, na kukusanya sumu za jijini katika maji yanayotarajiwa kunyweka. Ni kiasi gani cha maji kitaachiliwa wakati wa kiangazi ni swali ambalo Malindi ina haki ya kuliuliza mapema.

MTO HAUJUI MIPAKA

Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, mto huu umekuwa ukipita chini ya serikali kadhaa: Kiambu, Nairobi, Kajiado, Machakos, Makueni, Kitui, Taita-Taveta na hatimaye Kilifi. Kila moja huona kipande chake tu. Kiambu huona kinamasi, Nairobi huona mtaro, Makueni huona mchanga wa kuuza, na Kilifi, iliyo mwisho wa mstari, hupokea jumla ya yote.

Wapwani husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia atembee apendavyo juu ya chombo, mwisho wake ni kushuka ngamani kukumba maji yaliyoingia. Kwa Sabaki, ngama ni Malindi. Gharama ya matuta Ukambani na ya mabomba ya majitaka Nairobi itaendelea kuhesabiwa kuwa mzigo wa watu wa bara pekee, hadi siku watakaoketi pamoja kuigawana watakapojumuisha pia mvuvi wa Mambrui, mkulima wa Garashi na mama wa Malindi anayesubiri maji ya Baricho.